Kisa cha Grace Kelly: Alitoka Mkataba Mmoja Akaingia Mwingine

Mnamo Juni 1962 Grace Kelly, ambaye kwa miaka sita alikuwa akiitwa Princess Grace wa Monaco, alimwandikia barua mwongozaji wa filamu Alfred Hitchcock kumweleza kwamba asingeweza kucheza filamu waliyokuwa wamekubaliana, na kwamba jambo hilo lilikuwa limemvunja moyo. Filamu yenyewe, Marnie, ilikuja kuchezwa na Tippi Hedren na kutolewa mwaka 1964, na Kelly hakurudi tena kuwa nyota wa sinema. Uchambuzi huu unaanzia kwenye barua hiyo, si kwenye harusi, kwa sababu harusi ndiyo sehemu ya maisha yake inayojulikana kupita kiasi na inayoeleza machache. Swali ninaloliuliza ni lile ambalo mshenga yeyote mwenye busara huuliza kabla ya kupeleka posa: pande hizi mbili zilikuwa zinapeana nini, na masharti yaliandikwa na nani?

Ni lazima kwanza tuondoe picha ya msichana fukara aliyeokolewa na taji. Grace Patricia Kelly alizaliwa tarehe 12 Novemba 1929 mjini Philadelphia, Marekani, katika nyumba ya watu waliojiweza. Baba yake, John Kelly, mtoto wa wahamiaji kutoka Ireland, alianza maisha akiwa fundi wa kuaka matofali, akawa mkandarasi tajiri, na katikati ya shughuli hizo akashinda medali 3 za dhahabu za Olimpiki katika upigaji makasia, 2 mwaka 1920 na 1 mwaka 1924. Mama yake, Margaret Majer, mwenye asili ya Kijerumani, alifundisha elimu ya viungo katika Chuo Kikuu cha Pennsylvania. Katika nyumba ya namna hiyo thamani ya mtoto ilipimwa uwanjani, na Grace, aliyekuwa mpole na mwenye kuuguaugua, hakuwa mtoto ambaye baba alimtegemea. Hata alipokuwa nyota, mzee Kelly hakuficha mshangao wake kwamba aliyefanikiwa ni huyu na si dada yake mkubwa, Peggy. Aliyemuunga mkono alikuwa baba yake mkubwa, George Kelly, mwandishi wa tamthilia aliyepata Tuzo ya Pulitzer mwaka 1926.

Mwaka 1947 alihamia New York kusomea uigizaji katika American Academy of Dramatic Arts, akijikimu kwa kazi ya kupigwa picha za matangazo ya biashara. Alipanda jukwaa la Broadway mwaka 1949, akacheza michezo mingi ya televisheni, na mwaka 1952 akaonekana kama mke kijana wa Gary Cooper katika High Noon. Mwaka huohuo alitia saini mkataba wa miaka saba na kampuni ya filamu ya MGM. Mkataba huo unastahili kutazamwa kwa makini, kwa sababu unamwonyesha mwanamke wa miaka 22 anayejua kupatana bei: alidai na akapewa haki ya kukaa New York na ya kupata vipindi vya mapumziko ili arudi kwenye ukumbi wa michezo. Waigizaji wengi wa wakati wake walitia saini kwanza wakasoma baadaye.

Kilichomvuta kusaini, kwa maelezo yake mwenyewe, kilikuwa ni kufanya kazi na mwongozaji John Ford, kucheza na Clark Gable, na safari ya Afrika iliyolipiwa gharama zote. Filamu hiyo iliitwa Mogambo, na ilipigwa katika Kenya, Uganda na Tanganyika kuanzia Novemba 1952, wiki chache tu baada ya serikali ya kikoloni kutangaza hali ya hatari nchini Kenya tarehe 20 Oktoba kwa sababu ya Mau Mau. Kikosi cha filamu kilipiga kambi ya mahema kando ya mto Kagera, na waandishi wa wasifu wake wanasimulia kwamba alijifunza Kiswahili kidogo huko kambini. Kuhusu jina la filamu hiyo, matangazo ya wakati ule yalidai kwamba ni neno la Kiswahili lenye maana ya ashiki, dai ambalo msomaji wa makala haya hahitaji kamusi kulikataa. Neno letu lililo karibu nalo ni mgambo, lile la mbiu ambalo likilia lina jambo. Kwa Kelly jambo lilikuwapo kweli, kwani Mogambo ilimpa uteuzi wake wa kwanza wa tuzo ya Oscar na ikaifanya MGM imwone kuwa mali.

Nimetumia neno mali kwa makusudi. Filamu zake zinazokumbukwa zaidi hakuzifanyia MGM hata kidogo. Kampuni ilimkodisha kwa wenzake, kama mtu anavyomkodisha punda wake kwa jirani na kupokea ujira: alikwenda Warner kucheza Dial M for Murder, akaenda Paramount kucheza Rear Window na The Country Girl, zote mwaka 1954, kisha To Catch a Thief iliyopigwa kwenye pwani ya kusini ya Ufaransa na kutolewa mwaka 1955. Alipozikataa hadithi dhaifu alizopangiwa, kampuni ilimsimamisha kazi mwanzoni mwa 1955, na tarehe 30 Machi mwaka huohuo akapokea Oscar ya mwigizaji bora wa kike kwa The Country Girl, filamu ambayo hakuipigia MGM. Mtu akilitazama hilo haoni ajabu kwamba, miezi michache baadaye, wazo la kuachana na Hollywood halikumtisha.

Sasa tuhamie upande wa pili wa posa. Monaco ni dola ndogo iliyobanwa kati ya milima na bahari ya Mediterania, ikizungukwa na Ufaransa, na wakati ule eneo lake halikufikia kilomita za mraba 2. Rainier III aliirithi mwaka 1949, akiwa na miaka 25, kutoka kwa babu yake Louis II. Kampuni iliyomiliki kasino na hoteli kubwa, Société des Bains de Mer, ilikuwa imeangukia mikononi mwa tajiri wa meli Aristotle Onassis, na mwaka 1955 benki moja ya nchi hiyo ilifilisika ikiwa imeshika fedha za serikali. Zaidi ya hayo kulikuwa na mkataba wa mwaka 1918 kati ya Monaco na Ufaransa, uliosema kwamba kiti kikibaki wazi kwa kukosa mrithi, nchi hiyo itakuwa dola yenye mamlaka ya ndani chini ya ulinzi wa Ufaransa.

Hapa wasimulizi wengi huteleza. Huandika kwamba Rainier alikuwa hana budi kuoa na kuzaa, la sivyo Monaco ingemezwa mara moja. Mkataba haukusema hivyo: ulimtambua mrithi wa damu na pia mrithi wa kuasili, na mama yake Rainier mwenyewe, Charlotte, aliingia katika mstari wa urithi kwa njia ya kuasiliwa rasmi na baba yake, kwa kuwa alizaliwa nje ya ndoa. Isitoshe, dada yake Rainier, Antoinette, alikuwa na watoto, na hakuficha tamaa yake ya kumwona mwanawe kwenye kiti. Kwa hiyo hofu ya kukosa mrithi ilikuwa ya kweli kisheria, lakini makali yake yalikuwa ya kisiasa na ya kifamilia. Aliyeonja makali hayo ni Gisèle Pascal, mwigizaji Mfaransa aliyeishi na Rainier kwa miaka kadhaa. Waliachana mwaka 1953 baada ya kuenezwa uvumi kwamba hawezi kuzaa. Pascal alikuja kuolewa na mtu mwingine na akajifungua binti.

Kelly na Rainier walikutana tarehe 6 Mei 1955, na mkutano ulipangwa na gazeti. Alikuwa amekwenda tamasha la filamu la Cannes, na Paris Match ilitaka picha za nyota wa Hollywood akiwa na mtawala kijana. Umeme ulikuwa umekatika hotelini kwa sababu ya mgomo, hivyo akavaa gauni la maua lisilohitaji pasi, na mwenyeji wake alichelewa. Baadaye waliandikiana barua. Mwezi Desemba Rainier alisafiri hadi Marekani akifuatana na kasisi wake Mmarekani, Padri Francis Tucker, aliyekuwa mshenga kwa maana yote ya neno hilo, akapokewa nyumbani kwa akina Kelly wakati wa Krismasi, na tarehe 5 Januari 1956 uchumba ukatangazwa. Ukihesabu siku walizokuwa pamoja ana kwa ana kabla ya uamuzi huo, hazifiki mwezi.

Kisha likaja suala la mali ya ndoa, ambalo kwa msomaji wa pwani yetu lina kichekesho chake. Kwetu mahari hutoka kwa mume. Huku upande wa mke ndio uliotakiwa kutoa, na kiasi kinachotajwa na waandishi wengi ni dola milioni 2. Mzee Kelly, aliyejitajirisha kwa jasho, inasemekana alihoji kwa nini binti yake alipe ili aolewe. Fedha zilipatikana. Ninalolisisitiza ni kwamba makubaliano haya yalijadiliwa na wanasheria, makasisi na wazazi kama yanavyojadiliwa makubaliano yoyote mazito, na Kelly hakuwa mtoto aliyefumbwa macho. Alikuwa Mkatoliki wa miaka 26, aliyekwisha kukatishwa uhusiano kadhaa na wazazi wake kwa sababu wanaume wenyewe walikuwa wametaliki au hawakuwa wa dini yake, na sasa alikuwa mbele ya mchumba ambaye familia isingeweza kumkataa.

Alikuwa bado na miaka mitatu katika mkataba wake na MGM, ambayo ilijua kwamba kumzuia kungekuwa aibu, hivyo ikafanya biashara. Ilipata haki ya kupiga filamu ya harusi, nayo ikamzawadia gauni lililobuniwa na Helen Rose, mbunifu wake wa mavazi. Tarehe 4 Aprili 1956 bibi harusi alipanda meli ya Constitution pale New York, tarehe 12 akapokewa Monaco, ndoa ya kiserikali ikafungwa tarehe 18 katika ukumbi wa enzi na ya kanisa tarehe 19 katika kanisa kuu la Mtakatifu Nicholas, huku watazamaji wanaokadiriwa kuwa milioni 30 wakifuatilia kwa televisheni. Katika orodha ya wageni alikuwamo Aga Khan III, yuleyule ambaye Waismailia walimpima kwa almasi Dar es Salaam mwaka 1946. Mwanawe, Aly Khan, alikuwa amemwoa mwigizaji Rita Hayworth mwaka 1949 na wakatalikiana mwaka 1953, kwa hiyo kati ya wageni wale mzee huyo hakuhitaji kuelezwa jinsi nyota wa sinema na nyumba ya enzi wanavyoweza kushindwana. Kwa wafanyabiashara wa Monaco, hata hivyo, ilikuwa mgeni njoo mwenyeji apone, na watalii wa Kimarekani waliomiminika baada ya hapo waliwapa haki.

Caroline alizaliwa tarehe 23 Januari 1957, akapigiwa mizinga 21. Albert, mrithi wa kiume, alizaliwa tarehe 14 Machi 1958, akapigiwa 101. Sidhani kuna maelezo yoyote ya mkataba ule wa ndoa yaliyo wazi kuliko tofauti ya namba hizo mbili. Stéphanie alifuata mwaka 1965.

Turudi basi kwenye 1962. Mwezi Machi ikulu ilitangaza kwamba Princess Grace angekwenda Marekani kupiga filamu ya Hitchcock wakati wa likizo ya familia. Rainier mwenyewe alikubali, naye Grace alieleza kwamba malipo yake yangekwenda kwenye hisani. Raia wa Monaco walichukizwa. Mhusika Marnie ni mwizi, mwongo, na mwanamke mwenye jeraha katika mambo ya mapenzi. Kumwona mama wa mrithi wa kiti akibusiwa na mwanamume mwingine kwenye pazia la sinema kulionekana kuwa ni kuitweza nchi nzima. Hilo ndilo husimuliwa, na ni kweli, ila halitoshi.

Mwezi uleule Ufaransa ilitia saini makubaliano ya Evian yaliyomaliza vita vya Algeria, na Rais Charles de Gaulle alikuwa na muda na hasira za kushughulikia jirani yake mdogo. Monaco ilikuwa haitozi kodi ya mapato tangu 1869, na Wafaransa wengi, watu binafsi na makampuni, walikuwa wamehamishia huko anwani zao. Januari ya mwaka huo Rainier alikuwa amemfukuza waziri wake mkuu, Émile Pelletier, ambaye kwa desturi alikuwa Mfaransa aliyependekezwa na Paris. Mgogoro ulifika kilele Oktoba 1962, ambapo maofisa wa forodha wa Ufaransa walisimama barabarani usiku kwenye mpaka ambao kwa kawaida mtu huuvuka bila kujua. Katika hali hiyo, mke wa mtawala kwenda Hollywood kungesomeka Paris na Monaco kwa namna mbili, zote mbaya: kwamba nyumba ya enzi imeishiwa fedha, au kwamba nahodha anapigana na dhoruba huku mwenzake akishuka melini.

Kwa hiyo aliyeifuta filamu ile hakuwa mume mwenye wivu, kama inavyodaiwa mara kwa mara. Iliifuta dola. Katika mkataba wake na MGM, Kelly aliweza kukataa kazi, kusimamishwa, kusubiri, na hatimaye kurudishwa kwa sababu walimhitaji. Mkataba wa pili haukuwa na kifungu cha mapumziko wala tarehe ya kwisha, na upande wa pili haukuwa mtu mmoja ambaye angeweza kuketi naye mezani, bali raia elfu kadhaa, jirani mwenye nguvu na mtoto wa miaka minne aliyekuwa mrithi. Naamini kwamba alilitambua hilo mwaka 1962 na si 1956. Rainier aliunusuru utawala wake kwa kulegeza: katiba mpya ya Desemba 1962 iliongeza madaraka ya bunge na kuwapa wanawake haki ya kupiga kura katika uchaguzi wa taifa, na makubaliano ya 1963 yakawaweka Wafaransa waliohamia Monaco chini ya kodi ya nchi yao. Mwaka 1967 alimaliza pia ubishi na Onassis, kwa serikali kuunda hisa mpya 600,000 katika kampuni ya kasino na kuzichukua yenyewe, hadi tajiri huyo akauza zake na kuondoka.

Yaliyofuata katika maisha ya Grace hayakuwa ya mtu aliyejifungia kulia. Alikuwa rais wa Msalaba Mwekundu wa Monaco tangu 1958, akaasisi chama cha AMADE cha kutetea watoto mwaka 1963, na mwaka 1964 akaanzisha mfuko wenye jina lake. Kati ya matendo yake yote, lile ninaloliheshimu zaidi halikuwa la kiofisi. Mwaka 1951, alipokuwa bado mwigizaji asiyejulikana sana, alikuwapo katika mgahawa mmoja wa New York siku mwimbaji mweusi Josephine Baker aliponyimwa huduma, naye akasimama na kutoka pamoja naye. Mwaka 1969 Baker, akiwa amefilisika na kundi la watoto aliowaasili, alifukuzwa nyumbani kwake, na Grace akamsaidia kupata makazi karibu na Monaco, ambako ndiko alikozikwa mwaka 1975. Urafiki uliodumu kutoka mgahawani hadi kaburini hauwezi kuandikwa na mshauri wa ikulu.

Katika miaka ya 1970 alianza kujitafutia njia za pembeni za kurudia sanaa. Mwaka 1976 aliingia katika bodi ya wakurugenzi ya kampuni ya filamu ya Twentieth Century Fox, na mwaka huohuo akasoma mashairi hadharani katika tamasha la Edinburgh, kazi aliyoiendeleza katika nchi mbalimbali. Mwaka 1977 alisimulia filamu ya hali halisi kuhusu shule ya dansi ya Kirov. Sauti ilikuwa yake na jukwaa lilikuwa halisi, ila hakulazimika kuwa mtu mwingine mbele ya kamera, na bila shaka ndiyo maana hakuna aliyelalamika.

Tarehe 13 Septemba 1982 alikuwa akiendesha gari aina ya Rover kutoka Roc Agel, nyumba ya familia milimani upande wa Ufaransa, pamoja na Stéphanie aliyekuwa na miaka 17. Alipatwa na kiharusi, akashindwa kulidhibiti gari kwenye kona kali, nalo likaporomoka bondeni. Stéphanie alinusurika akiwa amejeruhiwa. Mama alipelekwa katika hospitali ya Monaco iliyokuwa na jina lake mwenyewe, na akafariki dunia usiku wa tarehe 14, akiwa na umri wa miaka 52. Maneno yaliyovumishwa kwamba binti ndiye aliyekuwa akiendesha yamekanushwa na mhusika, na sioni sababu ya kuyafufua hapa. Rainier hakuoa tena. Alifariki mwaka 2005 na akazikwa kando yake katika kanisa lilelile walimofungia ndoa.

Miaka mitatu kabla ya kifo cha Rainier, afya yake ikiwa imedhoofika na Albert akiwa na miaka 44 bila mke, suala la mrithi lilirudi mezani. Aprili 2002 katiba ya Monaco ilirekebishwa ili kiti kiweze kwenda kwa ndugu wa mtawala na watoto wao, na Oktoba mwaka huo Ufaransa ikatia saini mkataba mpya uliochukua nafasi ya ule wa 1918, ambamo kile kifungu cha kiti kubaki wazi hakimo tena. Kazi yote ilifanywa na wanasheria, kwa kalamu.